Kidonda kilichofika mfupani: usicheleweshe mtoto nyumbani, usikimbilie kukata

SAA 12:30 asubuhi, kuanzia Lizaboni hadi Bombambili mjini Songea, bodaboda zinapishana zikiwa zimebeba watoto wa shule. Mmoja amekaa mbele kwenye tangi, wawili wamebanana nyuma ya dereva, mabegi yananing'inia. Mtaani wanaita mishikaki. Mzazi anapunga mkono na kurudi ndani, akifurahia kwamba nauli imegawanywa kwa watoto watatu.

Anayekaa mwisho kabisa mara nyingi ndiye mwenye miguu mifupi. Haifiki kwenye sehemu ya kukanyagia, kwa hiyo inaning'inia. Pikipiki ikiingia kwenye shimo, mguu unayumba na kisigino kinaingia kwenye spoku za gurudumu linalozunguka. Kila kitu kinaisha kabla dereva hajasikia kelele.

Madaktari wa mifupa na wa majeraha wanalifahamu vizuri jeraha hili, la pikipiki na la baiskeli pia. Spoku huikwangua ngozi ya kisigino na kuichuna kutoka kwenye nyama, ikabaki inaning'inia kama ulimi wa kiatu. Chini yake huonekana kano kubwa ya nyuma ya mguu, nyeupe kama kamba ya katani, na wakati mwingine mfupa wenyewe. Damu inaweza isiwe nyingi. Hapo ndipo wazazi wengi hudanganyika wakadhani ni jambo dogo.

Chukulia familia ya mfano pale Mfaranyaki. Baba ni fundi seremala, mama anauza mboga, mtoto ana miaka saba. Jeraha linashonwa siku hiyohiyo na mtoto anarudishwa nyumbani. Siku ya nne ngozi iliyoshonwa inageuka nyeusi. Bibi anashauri majani ya kukausha, jirani analeta vidonge vya rangi mbili avipasue na kumwaga unga wake kidondani. Siku ya kumi ngozi nyeusi inabanduka, kano iko wazi na kidonda kinatoa harufu. Shangazi anasema alichokuwa anaogopa kila mtu: "Huyu wakimpeleka hospitali watamkata mguu."

Hofu hiyo ndiyo huifanya siku ya kumi iwe ya ishirini. Lakini kati ya kushona na kukata mguu kuna njia nyingine ambayo wazazi wengi hawajawahi kuisikia.

Kwa nini kidonda hiki hakifungi chenyewe

Kidonda cha kawaida kikisafishwa vizuri huota nyama nyekundu yenye punje punje. Nyama hiyo imejaa mishipa midogo ya damu. Ikishaota, ngozi hufunika kutoka pembeni, au daktari huchukua ngozi nyembamba ya paja na kuipandikiza juu yake.

Ngozi iliyopandikizwa haiji na damu yake. Siku mbili za kwanza huishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda, kisha mishipa midogo kutoka chini huingia ndani yake na kuilisha. Ndiyo maana ikiwekwa juu ya nyama nyekundu hushika. Ikiwekwa juu ya mfupa uliopoteza utando wake, au juu ya kano iliyo tupu, haina mahali pa kupata chakula, na baada ya siku chache hukauka na kufa.

Mkulima wa kahawa wa Mbinga ataelewa haraka. Mche uliong'olewa ukabaki mizizi mitupu, huwezi kuupanda juu ya mwamba ukategemea uchipue. Lakini mche uliochimbwa pamoja na bonge lake la udongo unaweza kuhamishwa kutoka kitaluni hadi shambani na usinyauke, kwa sababu umehama na chakula chake.

Hiyo ndiyo kazi ya upasuaji ambao madaktari huuita flapu. Ni kipande cha ngozi, pengine pamoja na nyama, kinachohamishwa kikiwa na mshipa wake wa kuleta damu na mshipa wa kuirudisha. Kwa kuwa kinakuja na damu yake, kinaweza kulazwa juu ya mfupa, kano au hata chuma kilichowekwa kushikilia mfupa uliovunjika, na kikaishi. Zaidi ya kufunika, nyama yenye damu nyingi husaidia mwili kupambana na usaha na kuupa mfupa nafasi ya kuunga.

Flapu ya karibu na flapu ya mbali

Kwa mtoto wa Mfaranyaki, daktari anaweza kutumia flapu ya karibu. Hukata kipande cha ngozi nyuma ya mguu, kwenye shavu la mguu, lakini hakitenganishi kabisa. Hukiacha kimeshikiliwa na ukanda mwembamba wenye mshipa wa damu, karibu na kifundo. Kisha hukigeuza kwenda chini kama mtu anayefungua ukurasa wa daftari, mpaka kifunike kisigino. Pale kilipotolewa, kama hapafungiki kwa kushona, hupandikizwa ngozi nyembamba ya paja.

Flapu ya namna hii haihitaji hadubini. Inahitaji mikono iliyofunzwa, chumba safi cha upasuaji na wauguzi wanaojua kuifuatilia. Ndiyo maana Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, imekuwa ikiendesha mafunzo jijini Dar es Salaam ya kuwafundisha madaktari wa mifupa kutengeneza flapu za miguu. Fikra yenyewe ni nyepesi: madaktari bingwa wa upasuaji rekebishi ni wachache, na mfupa ulio wazi hauwezi kumsubiri bingwa atoke mbali.

Kuna majeraha ambayo flapu ya karibu haiwezi. Gari likimkanyaga mtoto sehemu ya chini ya mguu na kuchuna kila upande, hakuna ngozi nzima ya jirani ya kuazima. Hapo ndipo inapohitajika flapu ya mbali. Kipande cha nyama ya mgongo au ngozi ya paja hukatwa kabisa pamoja na mishipa yake, kikapelekwa mguuni, na mishipa hiyo ikashonwa kwenye mishipa ya mguu ili damu ianze kupita upya.

Mishipa hiyo huwa na upana wa milimita 1 hadi 3. Uzi unaotumika ni mwembamba kuliko unywele wa kichwani, kiasi kwamba ukidondoka mezani mtu anayetazama kwa macho matupu hauoni. Daktari hufanya kazi akitazama kwenye hadubini, kwa saa nyingi, na mkono ukitetemeka kidogo tu mshono unaharibika. Mwaka 1973, Rollin Daniel na Ian Taylor wa Melbourne, Australia, walihamisha ngozi ya kinena ikafunika jeraha la mguu karibu na kifundo kwa njia hii. Kazi hiyo ndiyo iliyofungua mlango kwa hospitali nyingine duniani.

Upasuaji wa aina hii si jambo la Ulaya pekee. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji rekebishi, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao kwa ndege Afrika Mashariki. Huduma hiyo ndiyo iliyokuja kuwa shirika la Amref. Waliona watu wenye makovu ya moto na majeraha ya wanyama wakiishi mbali na hospitali, na wakaamua kuwafuata. Leo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, hufanya flapu za mbali kwa hadubini. Januari 2018 madaktari wake walimrudishia kijana wa miaka 17 mkono uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Kisubi, nchini Uganda, hospitali ya CoRSU imejikita katika kurekebisha viungo vya watoto na watu wenye ulemavu.

Saa zinavyohesabiwa

Daktari Marko Godina wa Ljubljana, Slovenia, aliwafuatilia wagonjwa 532 waliofunikwa majeraha makubwa ya mikono na miguu kwa flapu za mbali. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1986, mwaka ambao yeye mwenyewe alifariki. Waliofunikwa ndani ya saa 72 tangu ajali, flapu iliyokufa ilikuwa chini ya moja kati ya mia. Waliofunikwa baada ya hapo hadi miezi mitatu, zilikufa 12 kati ya mia. Usaha nao ulikuwa mwingi zaidi kwa waliochelewa.

Kwa familia ya Songea, saa 72 ni chache. Ndani yake kuna kutafuta nauli, kuaga kazini na kumwachia jirani watoto wengine. Lakini takwimu hizo hazisemi kwamba aliyechelewa amekosa. Hata katika kundi la waliochelewa, flapu nyingi zilishika. Zinachosema ni kwamba kila siku ya majani na unga wa vidonge ina gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na mguu wa mtoto.

Ajali inapotokea, mambo ya kufanya ni haya.

Kwanza, zuia damu kwa kukandamiza kwa kanga au kitambaa safi, na inua mguu. Usifunge kamba ya kukaza juu ya jeraha na kuisahau. Kamba iliyokaa saa nyingi inaweza kuua mguu uliokuwa mzima.

Pili, kama kuna uchafu wa juu juu, mwagia maji safi. Usipake majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno, asali wala unga wa vidonge. Ngozi inayoning'inia usiikate. Irudishe taratibu mahali pake na kufunika.

Tatu, nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji na chumba cha upasuaji. Kwa walio mjini ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na kwa walio upande wa magharibi kuna Peramiho. Mtoto mwenye jeraha lililofika mfupani anahitaji dawa ya kuzuia vijidudu mapema, chanjo ya pepopunda na kusafishwa vizuri akiwa amelazwa usingizi. Kushona haraka ngozi iliyopondeka ili ionekane imefunga si tiba. Daktari anaweza kuacha kidonda wazi kwa makusudi, akakisafisha tena baada ya siku mbili, akiangalia nini kimekufa na nini kiko hai.

Nne, kama kidole au kiganja kimekatika kabisa, kisuuze kwa maji safi, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga, kisha mfuko huo uuweke ndani ya chombo chenye maji na barafu. Kiungo kisiguse barafu moja kwa moja, maana barafu huua nyama.

Kwa ajali ya barabarani fomu ya polisi, PF3, inahitajika, lakini ndugu mmoja anaweza kuishughulikia wakati mwingine yuko na mtoto kwenye matibabu.

Swali la kumuuliza daktari

Wazazi wengi wakifika mbele ya daktari hunyamaza. Baba anatazama chini, mama analia, na karatasi ya ridhaa inasainiwa bila swali. Kuuliza kwa adabu si kumkosea daktari. Maswali matatu yanatosha: "Dokta, je, mfupa au kano iko wazi? Je, inawezekana kufunikwa kwa flapu, hapa au kwa rufaa? Tukisubiri, tunapoteza nini?"

Jibu linaweza kuwa rufaa ya kwenda Mbeya, Mtwara au Dar es Salaam. Safari ya Dar kwa barabara, kupitia Njombe, Makambako na Iringa, ni zaidi ya kilomita 900. Hapo familia hukaa kikao. Mahindi yako stoo, bei haijapanda, na ada ya mkubwa inadaiwa. Kabla ya kuuza kila kitu, mzazi amwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kazi yake ni pamoja na kutazama familia isiyo na uwezo na kueleza utaratibu wa msamaha. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, sera ya nchi ni matibabu bila malipo katika hospitali za umma. Barua ya rufaa, picha za eksirei na karatasi za dawa alizokwisha pewa zisafiri na mgonjwa, si kubaki kabatini.

Ipo pia siku ambayo jibu la kweli ni kukata. Mguu uliosagika, mishipa ya damu na ya fahamu ikiwa imekwisha, unaweza kuua mtoto ukibaki. Na kuokoa mguu kuna bei: upasuaji wa kurudia, miezi ya vidonda, shule inayopotea. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha watu 569 walioumia vibaya miguu, ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili waliookolewa miguu na waliokatwa walikuwa na hali zinazokaribiana katika maisha ya kila siku. Hao walikuwa watu wazima. Kwa mtoto kuna jambo la ziada: mfupa wa kigutu huendelea kukua na unaweza kutoboa ngozi, akahitaji upasuaji tena na tena, na mguu wa bandia hubadilishwa kila anaporefuka. Ndiyo sababu madaktari hujitahidi zaidi kuokoa mguu wa mtoto pale panapowezekana.

Mzazi aliyeambiwa ni lazima kukata, akauliza, akaelezwa sababu na akaridhika, hajamwangusha mwanawe. Anayeumia miaka yote ni yule aliyesaini bila kujua kama kulikuwa na njia nyingine, au aliyetoroka na mtoto usiku akamrudisha wiki tatu baadaye akiwa na homa.

Kazi ya mama wodini

Baada ya flapu, siku mbili hadi tatu za kwanza ndizo za hatari. Damu lazima iingie na lazima itoke. Mshipa wa kuingiza ukiziba, flapu hupoa na kupauka. Mshipa wa kutoa ukiziba, huvimba, huwa ngumu na kugeuka rangi ya zambarau iliyokolea. Kwa ngozi nyeusi rangi inaweza kudanganya, kwa hiyo muuguzi hugusa kuona kama ina joto, hubonyeza kuona damu inavyorudi, na daktari anaweza kuchoma kwa sindano kuona damu ya rangi gani inatoka. Shida ikigunduliwa mapema, mtoto hurudishwa chumba cha upasuaji na flapu inaweza kuokolewa. Ikigunduliwa asubuhi baada ya usiku mzima, huwa imekufa.

Hapa mzazi anayelala chini ya kitanda ni macho ya ziada. Akiona kipande kimebadilika, amwite sista hapo hapo, hata kama ni saa tisa usiku. Mguu ukae juu ya mto kama ulivyowekwa, mtoto asiulalie. Mtoto afunikwe vizuri asipate baridi, maana baridi hubana mishipa. Mwezi Juni na Julai, Songea si mahali pa kumwacha mgonjwa na shuka moja. Moshi wa sigara nao hubana mishipa, kwa hiyo baba anayevuta avutie mbali.

Chakula ni sehemu ya tiba. Kidonda kikubwa hula mwili. Uji mtupu asubuhi, mchana na jioni hautoshi. Mtoto anahitaji maharage, mayai, karanga, maziwa, dagaa wa Nyasa na mboga za majani. Kwa familia nyingi za Ruvuma vitu hivi viko jikoni tayari, ila hupelekwa sokoni kwanza.

Mtoto akirudi nyumbani, asishangae mtu kuona kisigino kimevimba na kuwa kinene kama kimebandikwa. Baada ya miezi hupungua. Ngozi iliyotoka kwenye shavu la mguu haina hisia nzuri za kisiginoni, kwa hiyo mtoto hawezi kusikia kokoto ndani ya kiatu. Kila jioni mzazi amvue kiatu na kumtazama. Mazoezi aliyopewa yafanyike hata akilia, la sivyo kifundo hukaza na mguu uliookolewa kwa shida ukabaki wa kuchechemea.

Wenzake shuleni watamwita majina. Mwalimu wa darasa akielezwa mapema, anaweza kulizima jambo hilo kabla halijaota.

Kabla ya yote hayo

Flapu ni kazi kubwa ya kurekebisha jambo ambalo mara nyingi lingezuilika kwa nauli ya ziada. Mtoto mmoja kwa pikipiki moja. Akae nyuma ya dereva, si kwenye tangi, na miguu yake ifike kwenye sehemu ya kukanyagia. Isipofika, hajawa mtu wa kupanda bodaboda peke yake. Avae viatu vya kufunika kisigino, si ndala. Baiskeli ya nyumbani inayobeba watoto ifungwe kinga pembeni ya gurudumu la nyuma. Hata kipande cha mpira wa gari la zamani kilichokatwa na kufungwa vizuri ni bora kuliko spoku tupu.

Wazazi watatu wa mtaa mmoja wakikaa dakika kumi na dereva wao, wanaweza kukubaliana aende safari mbili badala ya kubanana moja. Itabidi watoto waamke mapema kidogo, na dereva alipwe zaidi kidogo. Kesho saa 12:30 asubuhi, kabla ya kupunga mkono, mzazi atazame chini kwanza: miguu ya mwanawe imekanyaga wapi?